Majivu kwenye Pipa la Bluberi

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Hata ninyi wa nyuma mliozoea kusimama karibu na mlango ili muwahi kutoka, leo kaeni. Somo nililoliandaa wiki nzima nimeliacha mezani nyumbani. Nimekuja na hadithi ya kutunga, na nimekuja nayo nikiwa nimekereka. Nalisema mapema ili mtu asije akasema huko nje kwamba mchungaji leo kaamka vibaya. Nimeamka vizuri. Nimekereka tu.

Palikuwa na bibi mmoja, mjane, anaishi kijiji cha baridi kama hiki chetu. Maisha yake yote alilima kabichi kule bondeni kwenye vinyungu, yaani vijishamba vya ardhi yenye majimaji, na kabichi yake ilikuwa ikigombaniwa na walanguzi. Sasa magoti yakakataa. Kushuka bondeni alikuwa anaweza, tatizo kurudi. Siku moja alishuka asubuhi akapandishwa jioni na wapita njia, wamemshika huku na huku. Habari zikamfikia mwanawe aliyeko mjini, naye akapanda gari akaja.

Akamwambia, "Mama, hapa unabaki na nani? Twende kwangu. Chumba kipo, televisheni ipo, mjukuu wako yupo. Utapumzika."

Bibi akamjibu, "Nikapumzike mpaka lini, baba?"

Mnamwelewa huyo bibi? Mtu ambaye mikono yake haijawahi kukaa bure, unamchukua unamweka kwenye kochi, unamwambia atazame watu wakicheza mpira. Kwa mwana ule ulikuwa upendo. Kwa bibi ilikuwa kama kuambiwa kazi yake duniani imekwisha. Basi wakavutana, wakavutana, mwishowe wakakubaliana hivi. Bibi alikuwa amesikia kuna tunda linaitwa bluberi, linapenda baridi, na linakubali kulelewa kwenye chombo hapo hapo mlangoni, bila kushuka bondeni. Apewe msimu mmoja. Bluberi zikizaa, anabaki nyumbani kwake. Zisipozaa, mwana anarudi na gari. Naomba mlishike hilo, maana wengine nawaona mnafikiri hii ni hadithi ya bustani.

Kwa wale wasioijua, bluberi ni tunda dogo la mviringo, rangi yake buluu iliyokolea, na mti wake ni kichaka tu, hakikupiti kifua. Lakini ni kichaka chenye masharti. Kinataka udongo mchachu. Huu wetu, ambao tangu enzi za babu zetu tumeulisha majivu na chokaa ili kabichi ifunge vizuri, hakiuwezi kabisa. Ndiyo maana kinawekwa kwenye chombo, mtu akitengenezee udongo wake. Bibi akatafuta mapipa, akayakatisha nusu, akayatoboa chini. Akaokota majani ya misonobari yaliyooza, akachanganya na udongo wa msituni. Akanunua miche iliyokomaa, ya aina mbili, ili nyuki wapeleke chavua huku na huku.

Aliyemuuzia alimweleza vizuri. Alimwambia, "Bibi, huyu ni mchachu na anataka kukaa na anayeuvumilia uchachu. Ukitaka kumpa mwenzake ndani ya pipa, mpe stroberi. Stroberi itatambaa hapo chini, itafunika udongo usikauke, wala haina makuu. Usimchimbechimbe, mizizi yake iko juu juu. Na majivu usimpe, hata kiganja."

Bibi akauliza, "Hata akiugua?"

"Hasa akiugua."

Bibi akafanya vile vile. Akapanda bluberi, akatandaza stroberi miguuni pake, akawa anamwagilia maji ya mvua kwa kopo. Ikashika. Majani yakawa mazito, maua yakatoka, meupe, yameinama kama vikengele. Nyuki wakaja. Bibi akawa anakaa kwenye kigoda katikati ya mapipa yake na furaha tele, akimpigia mwanawe simu kumwambia gari alilaze tu.

Sasa wakaja majirani.

Mama Kilasi, usicheke bado. Sijafika.

Kwanza alikuja jirani wa nyumba ya juu. Mama mwema, mchapakazi, mtu wa ibada. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mbona pipa zima umeupa mti mmoja? Hapa pembeni nafasi imekaa bure."

"Si bure, mwanangu. Kuna stroberi."

"Stroberi ni mboga? Utakula stroberi na ugali?"

Akaondoka. Bibi akadhani yameisha. Yataishaje, kwa watu wa huku? Mama yule alirudi na miche ya chainizi, ile mboga ya majani, kwenye beseni na kijembe mkononi. Bibi akamwambia, "Mwanangu, aliyeniuzia alisema wasichimbwe." Mama akajibu, "Huyo aliyekuuzia anakujua kuliko sisi?" Akachimba. Akang'oa stroberi kadhaa, akakata mizizi asiyoiona, akapanda chainizi mapipa yote, akashindilia kwa viganja vyake, akapiga magoti akaombea. Ukweli kabisa, aliombea.

Mtasema, bibi si angeing'oa akishaondoka? Ninyi mngeing'oa? Hebu semeni kweli mbele ya madhabahu. Mtu amekuletea mche kutoka kwake, ameupanda kwa mkono wake, wewe uung'oe? Kesho asubuhi kisimani utaambiwa unajisikia. Kwetu huku zawadi ya mche haing'olewi, tunaiacha mpaka ife yenyewe. Bibi akaiacha.

Chainizi kwenye udongo mchachu ilisinyaa, kama mnavyotegemea ninyi wakulima. Ikawa ya njano, imedumaa. Ndipo akapita jirani wa nyumba ya chini. Yeye alikuwa na debe la majivu, kama kila jiko la huku lilivyo na debe la majivu nyuma ya mlango. Wadudu, majivu. Mboga imedumaa, majivu. Kuku anakohoa, majivu. Sisi watu wa huku hata mgeni akichelewa kuondoka, nadhani kuna mtu atajaribu majivu.

Akasema, "Mama, mboga yako inaumwa. Udongo wako mchachu, hata ukiunusa unasikia."

Bibi akasema, "Unatakiwa uwe hivyo."

"Uwe mchachu? Mama, nani anataka kitu kichachu? Sogea, usichafuke."

Akamwaga. Hakumwaga kiganja, alimwaga kama anayeweka mbolea shamba la mahindi. Na sasa sikilizeni kitu kinachoniudhi kuliko vyote katika hadithi hii. Chainizi ikapona. Ikawa ya kijani, ikanenepa, ikafungua majani kama sahani. Mama wa juu akaja kuitazama, mama wa chini akaja kuitazama, wakapongezana juu ya kichwa cha bibi. "Umeona, mama? Majivu yamefanya kazi." Basi hapo utawaambia nini? Mtu akishapata ushahidi kwamba dawa yake inafanya kazi, hata kama imefanya kazi kwenye mmea alioupanda yeye mwenyewe, utamshika wapi?

Bluberi ikaanza kubadilika. Majani yakawa ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki ya kijani. Vikengele vikaanza kudondoka kabla ya kufunga tunda. Bibi akawa anaviokota asubuhi anaviweka kwenye kanga yake, sijui alitaka kuvifanyia nini. Mwana akipiga simu, bibi anamwambia network mbaya.

Majirani wakaona njano. Na njano, kwa sisi watu wa huku, dawa yake mnaijua. Mama wa chini akawa anapita na sahani ya majivu kila akitoka kupika. Akamwambia mama wa juu, naye akawa anapita na sahani yake. Kadiri njano ilivyozidi, ndivyo sahani zilivyozidi. Wala hakuna aliyesimama akajiuliza, jamani, tangu tuanze kusaidia, mbona mgonjwa anazidi?

Ikabidi kanisa liingie. Mzee mmoja wa kanisa, mzee Luvanda, si wewe, ni mwingine wa kutunga, akakusanya kikundi cha maombi wakaenda kumwombea bibi na mapipa yake. Wakaimba. Wakaomba kwa zamu, wote, na hakuna aliyefupisha. Bibi akafumba macho, akainamisha kichwa, akaomba kwa moyo wake wote apewe msimu ule. Akasikia watu wanatembea tembea, akadhani wameguswa. Wakasema amina. Bibi akafumbua macho, na mapipa yake yote yamekuwa meupe. Mzee alikuja na mfuko wa chokaa. Wenzake walifumbua macho mapema wakamsaidia kunyunyiza.

Bibi akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani amefanya hivi?"

Wakajibu wakitabasamu, "Ni sisi sote, mama. Upendo tu."

Bibi akasema asante. Angesema nini?

Walipoondoka akapiga magoti, na magoti yale mnayajua, akaanza kukwangua chokaa kwa kijiko cha chai. Akakwangua mpaka akachoka. Akaleta majani ya misonobari kwa ndoo, nusu ndoo, nusu ndoo. Lakini mvua ilinyesha, chokaa ikashuka kwenye mizizi, na mizizi ile ilikuwa imeshakatwa na kijembe. Bluberi zikakauka kwenye mapipa yake. Chainizi ilikuwa nzuri sana mwaka ule.

Mwana akaja na gari. Kijiji kizima kikatoka kumsindikiza bibi. Walilia, na kilikuwa kilio cha kweli. Wakawa wanaulizana kwa huzuni, "Ule mti ulikuwa na tabia gani? Kila tulichoupa ulikataa." Mwingine anasema, "Ulikuwa na maringo. Haukutaka kukaa na wenzake." Bibi kakaa kiti cha mbele, mkoba magotini. Gari linaanza kuondoka, mama wa chini akakimbia, akapitisha kifurushi dirishani.

"Mama, ni majivu ya jikoni kwangu. Huko mjini wanapikia gesi, hutayapata."

Bibi akayapakata mpaka mjini.

Haya, chekeni. Chekeni vizuri mmalize. Hata mimi nilipokuwa naitunga nilicheka kidogo.

Mmemaliza?

Sasa nawauliza. Katika hadithi hiyo, mbaya ni nani? Kuna aliyekuwa mwizi? Kuna aliyekuwa mchawi? Yupo aliyemchukia yule bibi? Mngejua mnavyonichosha. Kama angekuwepo adui, ningesimama hapa nikamkemea, tukaimba, tukaenda kula. Hakuna adui. Bibi aliondolewa nyumbani kwake na watu waliompenda, mchana kweupe, wakiomba.

Jumanne iliyopita nilikwenda nyumba moja hapa hapa usharikani kwetu. Sitaitaja jina, wala sina haja. Ni nyumba ya dada yetu ambaye nafasi yake ni pale, karibu na dirisha la pili, na leo ipo wazi. Msigeuke kuitazama, mnaijua. Ni yule tuliyemzikia mtoto wake kabla ya mvua kuanza. Nikafika, mlango umefungwa kwa ndani, moshi unatoka jikoni. Nikapiga hodi. Nikapiga tena, nikasema ni mimi, mchungaji. Nikasikia komeo likivutwa taratibu. Akachungulia kwanza nyuma yangu, kulia, kushoto, kisha akafungua.

Akaniambia, "Nisamehe, mchungaji. Nilidhani ni wale wenye sare."

Wale wenye sare ni sisi. Kitenge kile cha umoja, chenye msalaba mgongoni, tulichokichangia kwa furaha, mtu aliyefiwa akikiona kinakuja njiani anafunga komeo, anakaa kimya jikoni na moshi unamuumiza macho, mpaka kipite.

Nikamuuliza, akanieleza, na amenipa ruhusa niwaambie. Dada mmoja wa humu alimwambia, bado u msichana, utapata mwingine. Baba mmoja wa humu alimuuliza kwa nini hakuwahi hospitali, na alimuuliza mbele ya mume wake. Mwingine alimwambia sasa inatosha, machozi yakizidi yanamchukiza Mungu. Sijui alimsikia wapi Mungu akisema hivyo, mimi nimesoma miaka mingi sijakutana nalo. Na mwingine, naye alikwenda kwa upendo, alishusha nguo za mtoto, bado zina harufu yake, kwenye kamba ya chumbani, akazikunja vizuri, akaondoka nazo, eti zinamliza mama. Mama alitoka kuchota maji. Aliporudi alikuta kamba tupu.

Wewe uliyezichukua umo humu ndani. Sikuiti mbele. Lakini leo kabla jua halijazama uzirudishe. Na usizifue.

Ndugu zangu, sisi tuna tatizo na uchachu. Tukiingia nyumba yenye huzuni hatuwezi kukaa hata muda wa kunywa kikombe cha chai, mikono inatuwasha, lazima tuimwagie kitu. Kila mtu ana debe lake. Huyu ana ushuhuda wa shangazi yake, yule ana mstari, yule ana ushauri wa daktari. Na tunaita kufariji. Lakini hebu tujiulize kwa ukweli, tunataka nani apone? Mara nyingi tunataka sisi tupone. Tunataka yule dada arudi kiti chake, acheke, avae nguo za rangi, ili tukimwona tusijisikie vibaya. Na asipopona kwa ratiba yetu tunasema ana maringo, hataki watu. Nimesikia linasemwa. Limesemwa pale nje, chini ya paa la kengele, Jumapili iliyopita, nami nilikuwa navua kanzu ndani nasikia.

Uchungu wa mtu aliyezika mtoto si ugonjwa wa udongo. Ndio udongo wenyewe anaosimama juu yake sasa hivi, hana mwingine. Ukiuondoa kwa nguvu unaondoa na yeye. Mungu akitaka kumbadilishia atambadilishia, kwa wakati wake, na hajatuomba sisi tumsaidie kunyunyiza.

Nimesikia pia kwamba mchana huu imepangwa ziara. Ngoma ipo, mahubiri yapo, mzee mmoja ameandaa neno. Ziara hiyo nimeifuta. Mwenyekiti, usininong'oneze, nimeifuta. Aende mtu mmoja, au wawili waliozoeana naye, bila sare. Wamkute anachambua maharage, wachukue ungo nao wachambue. Akilia, waendelee kuchambua. Akinyamaza, wanyamaze. Maji ya kuchota yapo, kuni za kupasua zipo, mtoto wake mkubwa anahitaji mtu wa kumpeleka shule. Mwenye mkono unaowasha, kazi hizo hapo.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya niliache somo langu mezani. Nilipokuwa naaga, yule dada alinishika mkono wa kanzu, akaniuliza, "Mchungaji, kwani nimtaje mtoto wangu kwa nani? Nikimtaja kwa mume wangu analia. Nikimtaja kwenu mnaniombea niache."

Jibu nimelitafuta tangu Jumanne, na nimelipata humu kanisani, kwenu ninyi ninyi mnaoniudhi.

Mtoto aliitwa Lukelo. Tangu tumzike hakuna kati yetu aliyelitamka jina hilo mbele ya mama yake. Na mnamkumbuka vizuri. Wakati wa sadaka alikuwa anawatoroka wazazi wake, anakuja mpaka hapa mbele, anatia mkono kwenye kikapu, anachukua sarafu ya mtu mwingine, kisha anarudi nayo kwa mama yake anamwonyesha ameokota. Kanisa zima mlikuwa mnacheka, na mama yake anaona aibu, anakuja kuirudisha amejifunika uso kwa mtandio. Nani hakumbuki? Mzee Luvanda, wewe siku moja ulicheka mpaka miwani ikaanguka.

Basi hilo ndilo mkampelekee. Mkimkuta wiki hii, kisimani, dukani, njiani, mwambieni mnachomkumbuka Lukelo. Kisha nyamazeni, mumwache mama yake aendelee.